Chenga Ndani ya Ganda

Ganda la risasi lilikuwa limetoka kwenye bastola ya Thierry. Hilo Masika alishaacha kulibishia tangu Ijumaa, maana maabara ya polisi ilikuwa imelitia chini ya darubini, ikalinganisha alama ya pini na mikwaruzo ya pembeni, ikaandika kurasa nne zisizo na labda hata moja. Alichokuwa bado anakibishia, na angekibishia mpaka apasuke, ni kwamba Thierry mwenyewe alikuwapo pale ganda lilipookotwa.

Liliokotwa kwenye sakafu ya spaza moja, duka dogo la mtaani, huko Diepsloot nje ya Johannesburg, jioni ya Jumatano, tarehe ishirini na tatu Mei 2018, hatua mbili kutoka alipolala mwenye duka. Mwenye duka alikuwa Suhaib, mtu wa Tanga, na alikuwa amepigwa risasi moja tu, droo ya fedha imeachwa tupu. Risasi yenyewe ilimpenya ikatoka, ikajiponda ukutani, ikawa haifai kulinganishwa na kitu. Siku mbili baadaye mtu asiyejitaja akawapigia polisi simu, akawaambia waikague bastola ya Thierry Bisimwa, mlinzi wa kampuni moja ya ulinzi, mzaliwa wa Bukavu, Kongo. Wakaikagua. Majibu yakatoka, na Jumatano ya wiki iliyopita wakamkamata.

Jioni ile ya mauaji Thierry alikuwa zamu peke yake, amekaa ndani ya gari akilinda ghala la mbao. Shahidi wake ni mbao. Kesho, Jumanne saa tatu asubuhi, angesimama mbele ya hakimu kuomba dhamana, na kwa shtaka la kuua katika wizi mshtakiwa ndiye anayetakiwa kuonesha kwa nini aachiwe. Asipoonesha, atakaa rumande mpaka kesi isikilizwe, na kesi za namna hiyo husubiri mwaka, pengine miwili. Jeanne mkewe alikuwa na watoto wawili na cherehani moja. Kibali cha ukaazi wa kudumu, alichokisubiri Thierry miaka kumi na mmoja, kingerudishwa mezani kupekuliwa upya. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba ya Thierry ilikuwa imeshaanza kuvutwa.

"Banasema ile ganda ni ya bunduki yangu," alimwambia Masika kupitia wavu wa mahabusu. "Sawa, ni yangu. Lakini miye sikufika kule, dada. Diepsloot miye sijui hata njia."

Masika alikuwa mchunguzi wa wakili Mokgatle wa Marshalltown kwa mwaka wa nane sasa. Kabla ya hapo, kwao Butembo, alikuwa karani wa mahakama, na ukarani ulimwachia ugonjwa mmoja: hakuamini karatasi mpaka aisome mara tatu. Ukimwambia hapana, yeye husikia subiri kidogo.

"Sis Masika, usiniletee hadithi," wakili alimwambia asubuhi hiyo ya Jumatatu. "Niletee kitu nitakachomwekea hakimu mezani."

Ripoti ya maabara alikuwa ameisoma mara mbili. Akaisoma ya tatu, na kwenye mstari wa mwisho wa ukurasa wa tatu akakuta maneno ambayo hakuna aliyeyajali: ndani ya ganda imenasa punje ya nafaka. Mpelelezi wa polisi alikuwa ameandika pembeni kwa kalamu kwamba ni mchele wa dukani. Ni spaza, na chini ya mizani ya spaza mchele haukosi. Lakini picha ya maabara ilikuwa ya rangi, na punje kwenye picha ile ilikuwa ya kijivu kama jivu la mkaa. Masika akajiuliza ni nani Diepsloot nzima anayenunua mchele wa kijivu. Akachukua funguo za gari, aanzie mahali ambako Thierry huacha maganda yake.

Ukumbi wa shabaha ambako kampuni ya Thierry ilifanyia mazoezi ulikuwa Turffontein, nyuma ya mtaa wa mafundi magari, upande ambao siku za mbio za farasi ukisikia kelele unajua kuna mmoja amepata na mia wamekosa. Mwenye ukumbi alikuwa Mreno wa Madeira, Bwana Gouveia, mwenye masharubu meupe na huruma ya mfanyabiashara, yaani iliyopimwa. Walizungumza Kiingereza.

"Wanakuja Jumamosi ya tatu ya kila mwezi," alisema. "Mara ya mwisho ni tarehe kumi na tisa Mei. Wanapiga, wanaondoka, maganda yanabaki kwangu. Ndiyo makubaliano."

"Unayafanyia nini?"

"Nauza. Kuna wachezaji wa shabaha wenye leseni, hujijazia risasi zao wenyewe nyumbani. Ganda la shaba likiwa zima linatumika mara nyingi, na ganda ndilo ghali. Ila wanataka yaliyochambuliwa. Ukimchanganyia mtu aina mbili kwenye mfuko mmoja, harudi."

"Anayechambua ni nani?"

"Mama B. Ana miaka kumi na mitatu hapa, hajanichanganyia hata siku moja."

"Na yale mabovu?"

"Anachukua Bakiri wa vyuma chakavu. Yuko nyuma sasa hivi anapakia."

Masika alikaza mkoba wake begani. Jina la Bakiri lilikuwamo kwenye daftari lake tayari, tena limepigiwa mstari. Wiki moja kabla ya Suhaib kuuawa, Bakiri alikuwa amemkaba kola mbele ya msikiti, mchana kweupe, kwa sababu ya friji aliyouziwa ikiwa mbovu.

Alimkuta uani akifunga mdomo wa gunia kwa waya. Bakiri alimwona, akanyoosha mgongo.

"Dada, kama umefuata habari ya friji, mwenye friji tumeshamzika, Mungu amrehemu. Mimi sina neno naye."

"Fungua gunia, kaka."

"Kwani ni polisi wewe?"

"Polisi wangekwisha kulipasua. Mimi naomba."

Bakiri akafyonza, akafungua. Masika akatia mkono mpaka kiwiko, akachota, akamwaga chini, akachota tena. Maganda yote yalikuwa yamepondwa bapa kama mbegu za maboga.

"Bi Biubwa huyo, mchambuzi wao," alisema Bakiri. "Hanipi ganda mpaka alipige nyundo. Ati lisije likarudi sokoni na ufa wake likampasukia mtu usoni. Namwambia, mama, mimi nanunua kwa kilo, nyundo ya nini? Wapi! Mzanzibari akishasema ndiyo hivyo."

"Jumatano tarehe ishirini na tatu ulikuwa wapi?"

"Polokwane, nimelala kituoni kwa kuzidisha mzigo. Waulize, jina langu liko kwenye kitabu chao, na risiti ya faini yao ninayo mfukoni."

Aliitoa kweli, imekunjwa mara nne. Tarehe ilikuwa ileile. Ganda la kwenye picha lilikuwa zima, lina kibonyeo kidogo tu mdomoni, na hakuna nyundo iliyowahi kuligusa. Masika akalipiga jina la Bakiri mstari wa kulifuta, na akaona uchungu kidogo, kwa sababu mshukiwa mwenye kelele ni raha: humtafuti, anakuita mwenyewe.

Chumba cha kuchambulia kilikuwa na dirisha kubwa lililoelekea jua, na chini ya dirisha meza, na mbele ya meza mwanamke wa miaka hamsini na kitu aliyejifunga kanga juu ya sweta nene. Juni ya Johannesburg haina masihara. Mbele yake palikuwa na ungo, ungo hasa wa ukindu, umejaa shaba.

"Shikamoo, Bi Biubwa," alisema Masika. Kwao Butembo shikamoo haikuwapo. Alijifunza Johannesburg, na aliitumia vizuri kuliko wenyewe.

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Kiti hicho kina mguu mbovu, kaa upande wa kushoto."

Mikono yake haikusimama hata kidogo. Alipepeta ungo mara mbili, maganda madogo yakajitenga na makubwa. Akapitisha sumaku juu yake, yaliyo ya chuma yakarukia sumaku, akayatupa kando. Kisha akaanza kuokota moja moja, analigeuza tako, anasoma maandishi ya kiwanda, anatia kwenye mkebe wake. Mengine aliyaangusha mezani matatu matatu, akasikiliza. Zima lililia. Lenye ufa lilitoa sauti ya kikombe kibovu, nalo likaenda kwenye nyundo.

"Unaona maandishi hayo bila miwani?"

"Weye mchele unauchagua kwa miwani?"

Masika akacheka. Pembeni ya meza pipa dogo la plastiki lilikuwa linazunguka juu ya mota, polepole, likinguruma kama mtu mwenye mafua.

"Na hilo?"

"La kung'arishia. Yanatiwa humo asubuhi, jioni yanatoka yanameremeta."

"Naweza kufungua?"

Bi Biubwa akazima mota. Masika akainua kifuniko. Maganda yalikuwa yamezikwa ndani ya chenga za mchele, na chenga zote, kuanzia juu mpaka chini, zilikuwa za kijivu. Masika akachota gao moja, akalipeleka dirishani. Rangi ilikuwa ileile ya kwenye picha.

"Ni mchele huu?"

"Chenga. Tukitumia maganda ya kokwa za jozi yaliyosagwa, vitu vya dukani, ghali. Yakaisha, Bwana Gouveia akaanza kulia. Nikamwambia n'letee chenga, mfuko bei ya soda, zinasugua vizuri tu. Zinaingia nyeupe, zinatoka hivyo. Ni uchafu wa baruti huo na risasi."

"Mlianza lini?"

"Jumatatu ya kwanza ya mfungo. Tarehe ishirini na moja Mei."

"Unaikumbuka sana."

"Nilimuomba Mungu msamaha siku ile. Mchele riziki, na mie nimefunga, nautia uchafu kwa mikono yangu. Ndiyo maana nikimaliza siumwagi jaani. Naufukia."

"Na chenga zinabaki ndani ya ganda?"

"Nachekecha, zinatoka zote. Ila lililobonyea mdomo hung'ang'ania moja. Kama haya ya Thierry." Aliuvuta mkebe wa maziwa ya unga uliokuwa peke yake ukutani. "Bastola yake hiyo ina kasoro, kila ganda ikilitema inalibonyeza mdomo, hapahapa. Nayaweka mbali kwa sababu lazima yanyooshwe kwanza. Sote hapa twauita mkebe wa Thierry. Maskini, huko aliko..."

Hakumaliza. Masika alikuwa ameweka picha ya maabara juu ya meza: mdomo uliobonyea, na ndani yake punje ya kijivu.

Kwa mara ya kwanza mikono ya Bi Biubwa ikatulia.

"Nisikilize nifikirie kwa sauti," alisema Masika. "Punje hii ingekuwamo wakati wa kufyatua, ingeungua ikatoka. Kwa hiyo iliingia baada ya kufyatua. Na si mchele wa dukani kwa Suhaib, wa dukani mweupe. Huu umezunguka siku nzima na maganda yako. Thierry alipiga hapa Jumamosi tarehe kumi na tisa. Wewe ukang'arisha Jumatatu ishirini na moja. Jumatano jioni ganda liko Diepsloot. Mnunuzi wa maganda huja siku gani?"

"Ijumaa."

"Basi lilitoka kwenye chumba hiki Jumatatu, Jumanne au Jumatano. Nani aliingia humu siku hizo?"

"Hakuna mtu."

Jibu lilikuja upesi mno. Mama huyu aliyesikiliza kila ganda kabla ya kulipitisha hakulisikiliza neno lake mwenyewe. Masika hakubishana naye. Alishukuru, akaenda kutafuta karatasi.

Kila anayeingia kwenye jengo lenye silaha huandika jina, saa na shughuli iliyomleta. Kitabu kilikuwa juu ya kaunta, na Gouveia akakisukuma mbele yake kwa kidole. Jumatatu aliingia fundi umeme, akaishia kaunta. Jumatano hakuingia mtu wa nje. Jumanne, tarehe ishirini na mbili, saa saba kasoro dakika ishirini, kulikuwa na mstari mmoja: Mwadini, kumletea mama chakula cha mchana.

Jicho la Masika liliupita mstari huo kama linavyoipita salamu. Alifunua nyuma: Machi, Aprili, kila Jumanne na kila Alhamisi, Mwadini, chakula cha mchana cha mama. Mwandiko uleule, saa zilezile.

"Huyu ni nani?"

"Mkwe wake Mama B. Amemwoa binti yake, Tabia. Mtu mzuri sana. Anafanya kazi kampuni moja na Thierry, hupishana zamu."

"Naye hupiga hapa Jumamosi?"

"Hupiga, lakini kwangu hasara tupu. Kampuni imempa revolva ya zamani. Ile haitemi maganda, yanabaki humohumo." Gouveia alisimama. "Chai?"

"Nitashukuru. Na Bi Biubwa umpelekee, baridi kali."

"Mama B? Hagusi hata maji mpaka jua lizame. Tangu katikati ya Mei. Kila mwaka namwambia utaanguka, kila mwaka ananicheka."

Masika alikuwa Mkristo tena mzee wa kwaya, na mfungo wa Waislamu kwake ulikuwa jambo la majirani. Ndiyo maana ilimchukua muda wa kijiko kuzunguka kwenye kikombe. Kisha akakivuta kitabu tena, akafunua kuanzia siku ya kwanza ya Ramadhani mpaka leo, polepole, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Mwadini hakuleta chakula tarehe kumi na saba. Hakuleta tarehe ishirini na nne, wala ishirini na tisa, wala wiki yoyote ya Juni. Kwa mwezi mzima wa mfungo alimletea mama mkwe chakula cha mchana mara moja tu, siku moja kabla ya Suhaib kufa.

Mkono ukishazoea huandika wenyewe. Mtu ameingia na jambo zito kichwani, amefika kwenye safu ya shughuli, na kalamu ikaandika ilichoandika kila Jumanne. Njia ya mwongo ni fupi, na ya huyu ilikuwa na urefu wa mstari mmoja.

Masika alipiga picha kurasa zote, akamwomba Gouveia akifungie kitabu kwenye sefu asimpe mtu. Yaliyobaki yalijipanga bila kusukumwa. Mwenye silaha isiyoacha ganda anaweza kuacha ganda alitakalo, la mwenzake. Na simu isiyo na jina inajua bastola ya kukaguliwa.

Aliporudi chumbani, Bi Biubwa alikuwa anaendelea kuchambua, lakini Masika alitupa jicho kwenye mkebe wa karibu akaona maandishi ya viwanda viwili. Alikuwa amechanganya.

"Bi Biubwa, Jumanne ile mkweo alikuletea chakula gani?"

Nje gari la Bakiri liliwaka, likazima, likawaka tena.

"Umefunga," alisema Masika.

"Nimefunga."

"Na yeye anajua umefunga."

"Yeye mwenyewe kafunga. Kaniambia kafunga." Sauti ilikuwa imepungua. "Mwanangu, weye waijua hali ya mtoto wangu? Tabia ana mimba ya miezi saba. Huyu ndiye anayemlisha. Ndiye anayenilisha mie."

"Najua. Na Jeanne ana watoto wawili, na anayewalisha yuko ndani kwa ganda lililotoka kwenye mkebe huu. Sitakudanganya, mama. Nikiondoka hapa bila neno lako, nitarudi kesho, na kesho kutwa, na kila siku mpaka unichoke. Lakini kesho saa tatu Thierry atakuwa ameshapelekwa rumande, na huko sitamfikia."

Bi Biubwa akausogeza ungo mbali naye.

"Nimekaa na Saida siku saba," alisema. Saida alikuwa mjane wa Suhaib. "Namkorogea uji, namshika mkono alale. Na jeneza la mumewe, aliyelibeba mbele upande wa kulia ni Mwadini. Nilimwona kwa macho yangu. Analia."

Kwenye mahakama ya Butembo Masika alijifunza kwamba mtu akishafika hapo, anayezungumza ndiye anayeharibu.

"Alikuja hiyo saa saba kasoro. Akasema, mama, Thierry anatimiza miaka arobaini, nataka nimfanyie pambo la funguo kwa lile ganda lake la mdomo mbovu, tumcheke. Nikacheka. Nikaumwaga mkebe hapa kwenye ungo. Akanyoosha mkono achukue lolote, nikamwambia ngoja, hilo lina ufa, litakuaibisha. Nikamchagulia." Alitazama mikono yake. "Nimemchagulia lililo zuri kuliko yote, mwanangu. Nikalifuta kwa kanga."

Masika aliirudisha picha ya maabara mkobani.

"Ulijua lini?"

"Walipomkamata Thierry, wakasema ganda. Nikasema huyu shetani ananipitia. Nikaswali. Nikajiambia mfungo ukiisha nitamuuliza, watu wasiharibiane Ramadhani." Akafuta uso. "Huo ndio uongo nilioutafutia mahali pazuri. Sasa ni saa ngapi?"

"Saa nane na nusu."

"Saa kumi Mwadini huja kunichukua."

Bi Biubwa akatoa simu kifuani, akaiweka sikioni, na alipozungumza sauti ilikuwa ile ya siku zote, ya mama mkwe asiyetaka maswali mengi.

"Mwadini, baba, leo usije. Nina shughuli mjini... Shughuli yangu... Mwambie Tabia aloweke kunde, nisichelewe nazo."

Alikata. Simu ikamtoka mkononi ikaangukia kwenye ungo, katikati ya shaba, naye akaiacha hapo mpaka alipomaliza kuvaa baibui.

Wakili Mokgatle hakuweza kumwapisha shahidi wa kesi yake mwenyewe. Sheria haimruhusu. Wakapanda ghorofa ya pili kwa wakili mwingine mwenye mamlaka ya kuapisha, asiyemjua Thierry wala Mwadini, na mpiga chapa wake akakaa kwenye kompyuta. Kwenye bahasha ya nailoni juu ya meza zilikuwamo chenga za kijivu walizochukua kwenye pipa, mbele ya Gouveia, na Gouveia ameweka sahihi. Pembeni kulikuwa na picha za kitabu cha wageni. Mokgatle alizipitia zote akiwa amesimama, kisha akazipitia tena akiwa amekaa.

"Hiki hakimu atakishika," alisema. "Lakini bila maneno ya mama huyu, ni mchele na kitabu tu."

Bi Biubwa akasema kwa Kiswahili, Masika akatafsiri kwa Kiingereza, mpiga chapa akaandika. Jina, makazi, miaka ya kazi. Namna anavyochambua. Lini walianza kutumia chenga. Kwa nini mkebe ule unaitwa wa Thierry. Masika hakuongeza wala hakupunguza neno, mpaka walipofika Jumanne saa saba kasoro. Hapo, kwa mara ya kwanza katika miaka minane, akatafsiri kitu ambacho shahidi hakukisema. Mpiga chapa akaandika kwamba Mwadini alichukua ganda moja kutoka kwenye mkebe.

Bi Biubwa aliinua kidole. Miaka kumi na mitatu ya kusikia Kiingereza cha Gouveia haikupita bure.

"Hapo paandikwa nini?"

"Kwamba alichukua ganda."

"Hakuchukua."

Masika akageuza kiti, akamsogelea. "Bi Biubwa, ukisema ulimpa wewe, polisi watakuhoji na wewe. Watakuuliza ulijua nini, na kwa nini ulinyamaza siku zote hizi. Na karatasi hii Tabia ataisoma. Alichukua inatosha kwa kesho. Thierry atatoka."

"Atatoka kesho. Na keshokutwa?" Alizungumza polepole, kama anayemwelekeza mwanafunzi mzito. "Mwadini atasema hakugusa kitu. Atasema chumba kile chaingia kila mtu, ganda lachukuliwa na yeyote. Watarudi kwa Thierry. Hakuna aliyeona mkono wa Mwadini una ganda ila mie, na mie naliona kwa sababu nililiweka humo."

Mokgatle, asiyejua Kiswahili, alimtazama Masika. "Anasema nini?"

"Anasema nilitafsiri vibaya."

"Mwambie afute," alisema Bi Biubwa. "Aandike nilimpa mie."

Masika akamwambia mpiga chapa afute. Karatasi mpya ilipotoka, Bi Biubwa alitaka asomewe yote kwa Kiswahili tangu mwanzo. Masika akasoma. Walipofika kwenye mstari ule, mama akamshika mkono asiendelee, akautazama muda mrefu, akauliza neno lipi hasa ndilo lake. Masika akamwonesha palipoandikwa kwamba alimpa. Bi Biubwa akaweka kidole juu ya neno hilo, akakiacha hapo, na kwa mkono wa pili akachukua kalamu.